Patrice Lumumba: maisha ya mtu aliyesimamishwa tena na shabiki wa Léopards

Usiku wa tarehe 6 Januari 2026, kwenye uwanja wa Moulay Hassan mjini Rabat, Moroko, Léopards wa Kongo walitolewa katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Algeria ilipata bao moja tu, tena zikiwa zimebaki dakika chache za muda wa nyongeza kumalizika. Kwenye jukwaa la mashabiki wa Kongo ngoma zilipigwa, watu waliruka, wengine walilia. Katikati yao mtu mmoja aliyevaa suti alisimama wima juu ya kijukwaa, mkono wa kuume umeinuliwa, kiganja wazi, bila kusema neno.

Jina lake ni Michel Kuka Mboladinga, na mashabiki wanamwita Lumumba Vea. Alisimama vilevile siku ya mchezo na Benin mjini Rabat, siku ya mchezo na Senegal mjini Tangier, na siku ya mchezo na Botswana, tena Rabat. Kamera za televisheni zilimfuata kila uwanja. Mchezaji mmoja wa Algeria, Mohamed Amoura, alimwiga kwa dhihaka baada ya ushindi, kisha akaomba msamaha baada ya watu wengi kukasirika. Amoura alisema hakujua mkono ule una maana gani.

Siku 11 baada ya mchezo huo ilitimia miaka 65 tangu Patrice Emery Lumumba auawe. Mkono ule ni wake, kama unavyoonekana kwenye sanamu yake iliyoko Limete, Kinshasa. Katika Masisi na Walikale, ambako vita vimewahamisha watu kutoka kijiji hadi kijiji, vijana wengi wanalijua jina hilo kutokana na barabara, shule na sasa mpira. Maisha yenyewe hayasimuliwi sana.

Mtoto wa Onalua

Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, eneo la Katako-Kombe, Sankuru. Wazazi wake, François Tolenga na Julienne Wamato, walikuwa wakulima wa kabila la Watetela. Alipita shule za wamisionari Wakatoliki, kisha za Waprotestanti wa Kimetodisti. Hakumaliza masomo marefu, lakini alipenda kusoma vitabu, na tabia hiyo haikumwacha hadi mwisho.

Akiwa kijana wa miaka 18 hivi aliondoka nyumbani kutafuta kazi upande wa mashariki. Alifika Maniema, akaajiriwa kama karani katika kampuni ya madini ya Symétain, huko Kalima. Wakati huo Maniema na Kivu zilikuwa jimbo moja, na makao makuu yake yalikuwa Costermansville, yaani Bukavu ya leo.

Kalima ilichimbwa kasiterite, mawe yanayotoa bati. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilikuwa vinaendelea. Ujapani ilikuwa imeteka nchi za Asia zilizokuwa zikiuza bati, hivyo Uingereza na Marekani ziliitegemea zaidi Kongo. Wachimbaji weusi walifanya kazi ngumu kwa mshahara mdogo, na mali ilisafirishwa nje. Ni madini hayohayo yanayochimbwa leo Walikale, jirani na Maniema, ambako Bisie ni mmoja wa migodi mikubwa ya bati barani Afrika. Kijana wa Onalua aliyekuja kuandika hesabu za kampuni aliiona biashara hiyo kwa karibu kabla hajawa mwanasiasa.

Karani wa posta Stanleyville

Mwaka 1944 alihamia Stanleyville, Kisangani ya leo. Aliingia kazi ya serikali, akapelekwa Léopoldville kusomea kazi za posta, akarudi na cheti kizuri. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa posta. Alizungumza Kitetela, Kiswahili, Lingala na Kifaransa, na kila jioni alikuwa kwenye mkutano wa chama fulani: chama cha wafanyakazi wa posta, chama cha wafanyakazi wa serikali, chama cha évolués, kama Wabelgiji walivyowaita Wakongomani waliosoma.

Mwaka 1954 alipewa kadi ya kutambuliwa rasmi kuwa évolué. Ilimbidi akubali kukaguliwa maisha yake, nyumba yake na namna anavyoishi na familia. Miaka hiyo aliamini kwamba Wabelgiji na Wakongomani wangeweza kujenga nchi pamoja. Mwaka 1956 alialikwa kutembelea Ubelgiji.

Aliporudi alikamatwa kwa kuchukua fedha za posta. Alifungwa, akatoka mwaka 1957. Gerezani aliandika kitabu juu ya mustakabali wa Kongo, ambacho kilichapishwa baada ya kifo chake. Wapinzani wake walilitaja kosa hilo hadi mwisho. Marafiki zake walikusanya fedha kulipa deni hilo.

Bia, mikutano na mpira

Baada ya gereza alihamia Léopoldville na kupata kazi katika kiwanda cha bia. Kazi yake ilikuwa kuitangaza bia ya Polar, iliyoshindana na Primus. Aliingia kila mtaa, kila baa, akizungumza na watu wa kila kabila. Mtu wa posta alijifunza huko namna ya kuukamata umati kwa maneno.

Tarehe 10 Oktoba 1958 yeye na wenzake walianzisha MNC, Mouvement National Congolais. Vyama vingi vya wakati ule vilikuwa vya kabila au jimbo. MNC ilisema Kongo ni moja. Desemba mwaka huohuo Lumumba alikwenda Accra, Ghana, kwenye mkutano wa watu wa Afrika, akakutana na Kwame Nkrumah. Tarehe 28 Desemba alieleza mbele ya umati mkubwa mjini Léopoldville mambo aliyoyaona huko, na kudai uhuru.

Wiki moja baadaye mpira wa miguu uliingia katika historia ya uhuru wa Kongo. Jumapili tarehe 4 Januari 1959 wakubwa wa kikoloni walizuia mkutano wa chama cha ABAKO cha Joseph Kasa-Vubu. Watu waliokuja kwenye mkutano walikataa kutawanyika. Si mbali na hapo, katika uwanja wa Roi Baudouin, unaoitwa sasa Tata Raphaël, mchezo ulikuwa umemalizika. Victoria Club, ambayo leo ni Vita Club, ilikuwa imefungwa na Mikado. Maelfu ya mashabiki wenye hasira walitoka uwanjani na kukutana barabarani na waliozuiwa mkutano.

Machafuko yalidumu siku kadhaa. Askari walipiga risasi na Wakongomani kwa makumi walikufa. Tarehe 13 Januari mfalme Baudouin alitangaza kwamba Kongo itapelekwa kwenye uhuru. Ubelgiji, ambayo miaka michache nyuma ilikuwa ikifikiria miaka 30 mbele, ilianza kuhesabu miezi.

Kutoka gerezani hadi waziri mkuu

Mwishoni mwa Oktoba 1959 MNC ya Lumumba ilifanya mkutano mkuu Stanleyville. Machafuko yalizuka, watu wakauawa, na Lumumba akakamatwa kwa kuchochea fujo. Januari 1960 alihukumiwa kifungo cha miezi sita. Wakati huohuo viongozi wa Kongo walikuwa wamekusanyika Brussels kwenye Meza ya Mviringo. Walikataa kuendelea bila yeye. Alitolewa gerezani, akapanda ndege, akafika Brussels mikono ikiwa bado na alama za pingu. Tarehe ya uhuru iliwekwa: 30 Juni 1960.

Katika uchaguzi wa Mei chama chake kilipata viti 33 kati ya 137 vya Baraza la Wawakilishi, kuliko chama kingine chochote, lakini si vya kutosha kutawala peke yake. Ilimbidi atafute washirika. Kivu ilimpa CEREA, chama kilichozaliwa Bukavu mwaka 1958, kilichopata viti 10.

Ardhi ilikuwa jambo zito Kivu. Tangu mwaka 1928 kampuni ya kikoloni iliyoitwa Comité National du Kivu ilikuwa ikigawa ardhi kwa walowezi. Katika milima ya Masisi wazungu walikuwa na mashamba ya kahawa, chai na pareto na malisho ya ng'ombe, na wenyeji walifanya kazi humo. CEREA ilipata nguvu kwa watu hao. Mmoja wa viongozi wake, Anicet Kashamura, mwana wa Kivu, akawa waziri wa habari katika serikali ya Lumumba.

Katika serikali hiyohiyo vijana na michezo vilipewa Maurice Mpolo. Jina hilo litarudi mwishoni.

Siku ya uhuru, mfalme Baudouin alisifu kazi ya Ubelgiji. Kasa-Vubu, rais mpya, alijibu kwa upole. Lumumba hakuwa kwenye ratiba ya wasemaji, lakini alisimama akasema. Alitaja mbele ya mfalme matusi, viboko, ardhi zilizonyang'anywa na sheria mbili, moja ya mzungu na nyingine ya mweusi. Wakongomani waliosikiliza redio walishangilia. Ujumbe wa Ubelgiji ulikasirika. Alikuwa na umri wa miaka 34, na bado siku mbili afikishe 35.

Wiki kumi za madaraka

Serikali yake haikupata hata wiki moja ya utulivu. Tarehe 5 Julai askari waliwaasi maofisa wao Wabelgiji. Ubelgiji ilituma majeshi bila kuombwa na serikali ya Kongo. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga, yenye shaba na utajiri mwingi wa nchi, imejitenga. Agosti, Kasai Kusini ikafuata.

Lumumba aliomba msaada wa Umoja wa Mataifa. Kofia za buluu walifika, lakini walikataa kumsaidia kuivunja Katanga kwa nguvu. Akageukia Umoja wa Kisovyeti, akapata ndege na malori. Marekani, iliyokuwa kwenye vita baridi na Moscow, ikamwona adui, na shirika lake la ujasusi likapanga namna ya kumwua kwa sumu. Mpango huo haukutekelezwa.

Hakosi lawama katika miezi hiyo. Jeshi alilolituma Kasai Kusini liliua raia wengi, na Umoja wa Mataifa ulimlaumu vikali. Aliamua haraka, mara nyingi bila kuwasikiliza washauri.

Tarehe 5 Septemba Kasa-Vubu alitangaza redioni kwamba amemwondoa. Lumumba naye akaenda redioni kutangaza kwamba amemwondoa Kasa-Vubu. Bunge lilimuunga mkono Lumumba, lakini tarehe 14 Septemba kanali Joseph-Désiré Mobutu, aliyekuwa rafiki yake, alichukua madaraka kwa msaada wa nchi za Magharibi. Kuanzia Oktoba Lumumba alifungiwa nyumbani, askari wa Umoja wa Mataifa wakimlinda ndani na askari wa Mobutu wakimngoja nje.

Safari ya kurudi Stanleyville

Wafuasi wake, wakiongozwa na Antoine Gizenga, walikuwa wamejipanga Stanleyville. Usiku wa tarehe 27 Novemba 1960, mvua ikinyesha, Lumumba alitoroka kwa gari. Kama angesafiri bila kusimama, huenda angefika. Lakini kila alipopita watu walimtambua, walitoka kwa wingi, walitaka kumsikia, naye alisimama na kuongea. Saa zilipotea Bulungu, Mangai, Mweka. Ndege ilitumwa kumtafuta.

Kwenye mto Sankuru, mahali paitwapo Lodi, alivuka kwa mtumbwi na baadhi ya wenzake. Mkewe, Pauline Opango, na mwanawe mdogo walibaki ng'ambo wakingoja, na askari wakawakuta. Lumumba alirudi kuwafuata, akakamatwa.

Tarehe 2 Desemba alirudishwa Léopoldville amefungwa kamba, akapigwa mbele ya wapiga picha, kisha akapelekwa kwenye kambi ya jeshi ya Thysville, leo Mbanza-Ngungu. Upande wa mashariki wafuasi wake bado walikuwa na nguvu. Tarehe 25 Desemba vikosi vya Stanleyville viliiteka Bukavu, na Kivu ikawa chini ya watu wa Lumumba. Vikosi vya Mobutu vilijaribu kuirudisha kwa kupitia Rwanda-Urundi, iliyokuwa bado mikononi mwa Ubelgiji, vikashindwa. Januari 1961 askari wa Thysville wenyewe wakaanza kuasi. Wakubwa wa Léopoldville na wa Brussels waliogopa kwamba mfungwa atatoka.

Usiku wa 17 Januari

Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba alipakiwa ndegeni pamoja na watu wawili: Joseph Okito, makamu wa rais wa Seneti, na Maurice Mpolo, waziri wa vijana na michezo. Walipigwa njia nzima hadi Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na kukabidhiwa kwa Tshombe. Usiku huohuo, kabla ya saa nne, walipelekwa porini Shilatembo na kupigwa risasi mmoja baada ya mwingine. Mawaziri wa Katanga na maofisa Wabelgiji walikuwapo.

Hawakuachiwa hata makaburi. Polisi Mbelgiji, Gérard Soete, na msaidizi wake walifukua miili, wakaikata na kuiyeyusha kwa asidi. Tarehe 13 Februari Katanga ilitangaza kwamba wanakijiji ndio waliowaua wakati wakitoroka. Uongo huo haukuaminiwa. Maandamano yalifanyika Cairo, Belgrade, London na New York.

Mobutu aliyechangia kuanguka kwake alimtangaza kuwa shujaa wa taifa mwaka 1966. Ubelgiji ilichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 2001 tume ya Bunge lake ilikubali kwamba baadhi ya viongozi wa Ubelgiji walikuwa na wajibu wa kimaadili katika mauaji hayo, na mwaka 2002 serikali ikaomba radhi.

Kilichobaki cha mwili wake ni jino moja lenye dhahabu, ambalo Soete alijiwekea kama ukumbusho. Vyombo vya sheria vya Ubelgiji vililichukua mwaka 2016. Tarehe 20 Juni 2022 watoto wa Lumumba walikabidhiwa jino hilo mjini Brussels. Jeneza lilipelekwa Sankuru alikozaliwa, Kisangani alikokulia kisiasa, Katanga alikouawa, na likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni.

Jeneza hilo halikupita Masisi wala Walikale. Wiki moja kabla ya jino kukabidhiwa, tarehe 13 Juni 2022, waasi wa M23 walikuwa wameiteka Bunagana, na vita vilivyofuata vikashuka Rutshuru na kupanda Masisi.

Kwa nini viwanjani

Tarehe 7 Februari 2024, mjini Abidjan, Léopards walicheza nusu fainali na Ivory Coast. Siku hizo mapigano yalikuwa yamefika karibu na Sake, mlangoni mwa Masisi, na maelfu ya watu walikuwa wakikimbilia Goma. Wakati wa wimbo wa taifa wachezaji walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wakaweka vidole viwili kichwani kama bastola. Hawakusema neno. Dunia nzima ilielewa walikuwa wakisema nini juu ya mashariki ya Kongo.

Karibu miaka miwili baadaye, Lumumba Vea alitumia njia hiyohiyo ya kimya huko Moroko. Kati ya Abidjan na Rabat mambo yalizidi kuwa mabaya. Rubaya, yenye koltani, iliangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Aprili 2024. Masisi-centre ilitekwa Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huo. Machi 2025 waasi walifika hadi Walikale-centre kabla ya kuondoka Aprili, na mgodi wa Bisie ulisimama kwa wiki kadhaa.

Maswali yanayoulizwa katika wilaya hizo mbili ni yale Lumumba aliyoyakuta Kalima mwaka 1943 na kuyabeba hadi Shilatembo. Mali iliyo chini ya ardhi ni ya nani? Nani analinda mipaka? Je, mtu wa Masisi, wa Sankuru na wa Kinshasa wana nchi moja au kila mmoja ana yake? Jibu lake kwa swali la mwisho lilikuwa wazi, na ndilo lililomfanya akatae kujitenga kwa Katanga hata ilipokuwa hatari kwake.

Mpira haujibu maswali hayo. Léopards walirudi nyumbani bila kombe. Lakini kwa muda wa michezo minne, watu waliokaa mbele ya televisheni ya jirani au walioshika redio huko Nyabiondo na Mubi walifuata timu moja na watu wa Lubumbashi, Mbandaka na Kinshasa. Na kwenye jukwaa, katika kila uwanja, walimwona mtu aliyeuawa na kuyeyushwa ili asibaki hata kaburi, akiwa amesimama tena mkono juu.